‘Turufu’ haikuzaliwa na ‘trump’

WIKI mbili zilizopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliingia ofisini, akaketi bila kukaribishwa na kuniwekea tasnifu yake mezani. Si kawaida yake. Nikajua pana jambo. Tasnifu hiyo inahusu tafsiri ya habari za siasa kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, na mtahini alikuwa ameisoma kwa makini sana. Ila kila palipoandikwa ‘turufu’ palikuwa na duara la wino mwekundu. Niliyahesabu, yakawa saba. Pembeni mwa lile la kwanza mtahini aliandika kwamba huku ni kuswahilisha neno la Kiingereza ‘trump’ kiholela, na kwamba mwandishi atumie ‘kadi bora’.

“Sasa nifanye nini, Prof?” aliniuliza. “Nikibadilisha, nahitimu mwaka huu. Nikikataa, naitwa tena mbele ya jopo.”

Nilimwomba anipe siku chache. Kusema kweli sikuzihitaji kwa kufikiri. Nilizihitaji ili hasira ipoe. Neno hilo nimelijua tangu nikiwa na kaptura, na sikulipata darasani wala gazetini.

Aliyenifunza ni mjomba wangu, kwenye baraza ya nyumba yake Mombasa, jua la alasiri likishapungua makali. Mjomba alikuwa mchukuzi bandarini. Kiingereza chake kilikuwa maneno mawili matatu ya kuitikia amri, basi. Lakini akishika karata alikuwa na msamiati wake kamili: kopa, uru, shupaza, pao. Karata zenye picha za watu aliziita wazungu. Palikuwa na mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne. Na kabla ya mchezo kuanza lazima mtu aulize: turufu ni ipi leo? Kama ‘turufu’ ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, ningependa mtahini aniambie ni Mwingereza gani aliyemfunza mjomba wangu kuita almasi ‘uru’.

Tuanze na hilo neno la Kiingereza lenyewe, kwa sababu nalo lina safari ndefu. Kwa matumizi ya leo, ‘trump’ kama kitenzi ni kumpita mwenzio, kumzidi, kumpiku, kumfanya asifue dafu. Utasikia mchambuzi wa televisheni akisema kwamba usalama umei-‘trump’ biashara, yaani vilipogongana, usalama ndio uliopewa uzito. Kama nomino, ni ile karata ambayo ikitua mezani zilizobaki zote zinanywea.

Kabla msomaji hajaniandikia: jina la rais wa Marekani ni jina la ukoo ambalo babu yake alitoka nalo Ujerumani mwaka 1885, na halina kazi katika makala haya. Pia Kiingereza kina maneno mengine yenye umbo hilohilo. Lipo la tarumbeta, lile la Biblia yao ya zamani ambapo wafu watafufuliwa parapanda ya mwisho ikilia. Lipo na lile lililotokana na Kifaransa ‘tromper’, yaani kuhadaa, ambalo ndilo linalosikika wakili akilalamika kwamba mteja wake amebambikiwa mashtaka. Hayo tuyaache. Letu ni la karata.

La karata ni ‘triumph’ lililolika kwa kutumiwa. Katika majira ya Adventi mwaka 1529, mhubiri Hugh Latimer alisimama Cambridge akatoa mahubiri ambayo hadi leo yanajulikana kama mahubiri ya karata. Krismasi ilikuwa inakaribia na watu walikuwa na desturi ya kucheza karata msimu huo. Latimer akaona, badala ya kuwakaripia, awaalike kucheza naye mchezo uitwao ‘triumph’, awafunze kupitia huo namna ya kutii amri za Kristo. Katika mchezo wake turufu ilikuwa kopa, yaani moyo. Wasomi wa Kiingereza huyaona mahubiri hayo kuwa miongoni mwa ushahidi wa mapema wa jinsi ‘triumph’ na ‘trump’ zilivyokuwa jina moja la mchezo mmoja. Miaka 26 baadaye, mwaka 1555, Latimer alichomwa moto Oxford kwa ajili ya imani yake. Shakespeare naye, katika tamthilia yake ya Antony na Cleopatra, anamfanya Antony alalamike kwa lugha ya wacheza karata na kulichezea neno ‘triumph’ kwa maana zake zote mbili, ushindi wa vita na turufu ya mezani. Watazamaji wake wangemwelewa bila kufafanuliwa.

Na ‘triumph’ ni ‘triumphus’ ya Kilatini. Wataalamu wengi huliunganisha na ‘thriambos’ ya Kigiriki, wimbo wa kumtukuza mungu wa mvinyo Dionysus, na hudhani liliwafikia Warumi kupitia majirani zao Waetruria. Huko Roma halikuwa jina la ushindi wenyewe. Lilikuwa jina la maandamano. Jemadari aliyeshinda aliingia mjini akiwa juu ya gari la kukokotwa na farasi wanne, mateka na nyara mbele yake, askari wake nyuma, wakipanda hadi hekalu la Jupiter kwenye kilima cha Capitol. Julius Caesar alifanya maandamano manne katika mwaka mmoja, 46 KK. Ila kulikuwa na sharti: ilibidi kibali kitolewe, na kwa kawaida aliyekitoa ni Seneti. Walikuwepo majemadari walioshinda vita wakanyimwa. Baada ya Cornelius Balbus mwaka 19 KK, hakuna aliyepewa tena ambaye hakuwa wa nyumba ya kaisari. Yaani unaweza kuwa na nguvu zote uwanjani na bado usiwe na ‘triumphus’. Naomba msomaji aliweke jambo hilo kibindoni, tutalihitaji.

Karata zenyewe hazikutoka Roma. Ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370, na mwaka 1377 serikali ya mji wa Florence tayari ilikuwa inapiga marufuku mchezo mpya uitwao ‘naibbe’. Masikio ya Mswahili yasimame hapo. Wataalamu wengi wanakubali kwamba jina hilo, na ‘naipe’ ya Wareno na Wahispania inayomaanisha karata, limetokana na Kiarabu ‘naib’, neno lilelile lililotupa sisi ‘naibu’ wa waziri na ‘naibu’ wa gavana. Katika jumba la makumbusho la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki wa Misri, za kuchorwa kwa mkono. Humo yumo mfalme, yumo naibu wa mfalme, na yumo naibu wa pili. Aina zake ni nne: vikombe, sarafu, panga na magongo ya kuchezea polo.

Sasa chukua Kireno. ‘Copas’ ni vikombe. ‘Ouros’ ni dhahabu. ‘Espadas’ ni panga. ‘Paus’ ni magongo. Halafu rudi barazani kwa mjomba: kopa, uru, shupaza, pao. Mwingereza aligeuza zake kuwa mioyo, almasi na majembe, kwa kufuata picha za Kifaransa, na picha hizo ndizo zilizochapwa kwenye karata zetu hata leo. Kwa hiyo mjomba alikuwa ameshika mkononi karata yenye picha ya moyo, akaiita kikombe, kwa jina la Kireno, akifuata mpangilio uliotoka Misri. Hakujua, na hakuhitaji kujua. Lakini mtu anayesema maneno haya yameletwa na magazeti ya juzi ana kazi kubwa ya kueleza.

Hata ‘mzungu wa nne’ ana hesabu yake. Mtoto hudhani wazungu hao wamepangwa kwa cheo, wa pili, wa tatu, wa nne. Nami nilidhani hivyo kwa miaka. Katika michezo ya Kireno kama ‘bisca’ na ‘sueca’, mfalme ana pointi 4, kijana ana 3, na malkia ana 2. Jumla ya pointi zote ni 120, na atakayefikisha 61 ameshinda. Kwa wachezaji wetu wa zamani, mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni kijana, wa pili ni malkia. Tazama tena. Ndiyo maana malkia yuko chini ya kijana, jambo ambalo lilinitatiza sana utotoni. Hazikuwa nambari za vyeo kamwe, zilikuwa pointi. Mjomba naye alihesabu hadi 61.

Basi ‘turufu’ imetoka wapi? Katika Kireno ni ‘trunfo’, nayo ni ‘triumphus’ ileile. Mwaka 1440 mwandishi mmoja wa hati wa Florence aliandika katika shajara yake kuhusu seti ya karata za ‘trionfi’ aliyompelekea mtawala Sigismondo Malatesta. Karata hizo zilikuwa na safu ya ziada juu ya zile aina nne, zenye picha za mauti, jua, dunia na kadhalika, na kila moja katika safu hiyo iliweza kula karata ya kawaida. Baadaye zikaitwa ‘tarocchi’, na karne nyingi baadaye wapiga ramli wa Ulaya wakazifanya za kutazamia nyota. Jina la ‘trionfi’ nalo likahamia kwenye michezo ya karata za kawaida, ambapo aina mojawapo ya zile nne huteuliwa kuwa juu ya nyingine. Mjerumani akasema ‘Trumpf’, Mhispania ‘triunfo’, Mwingereza ‘trump’, Mreno ‘trunfo’.

Mreno alifika pwani yetu mwaka 1498. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 na ikaanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Katika karne hizo mbili alituachia meza, leso, bendera, mvinyo, kasha na, kwa bahati mbaya, gereza. Vilevile alituachia karata. Askari wa ngomeni na baharia anayesubiri upepo wana saa nyingi za kuua.

Sauti za neno ndizo shahidi wangu mkuu. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili kugandana mwanzoni mwa neno, hivyo huzitenganisha kwa irabu. ‘Fronha’ ya Kireno ikawa foronya ya mto wa kulalia. ‘Trombeta’ ikawa tarumbeta. Kwa kanuni hiyohiyo ‘trun-’ ikawa ‘turu-’. Na ile sauti ya puani kabla ya konsonanti? Itazame ‘lenço’: ilipoteza n yake ikawa leso. ‘Trunfo’ nayo ikapoteza n, f ikabaki. Sasa tufanye kama mtahini, tuseme tumelichukua neno kwa Mwingereza. ‘Pump’ ilitupa pampu. ‘Stamp’ ilitupa stempu. Kiswahili hakina shida yoyote na mp. Basi ‘trump’ ingetupa ‘trampu’, na sisi hatusemi ‘trampu’. Hiyo f ya turufu haiwezi kutoka katika Kiingereza, kwa sababu Kiingereza chenyewe hakinayo. Kiliipoteza kilipolimeza ‘triumph’.

Kwa hivyo ‘turufu’ na ‘trump’ ni ndugu, watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba tofauti. Mmoja alipitia London, mwingine akaja na merikebu. Wanafanana kwa sababu ya baba, si kwa sababu mmoja amemzaa mwenziwe. Neno hili limo pia katika kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, zamani kabla ya hao waandishi wa habari wanaosingiziwa kulibuni.

Nimtendee mtahini haki. Hofu yake ina msingi. Kila siku tunasoma Kiswahili kilichobeba mifupa ya Kiingereza, huyo anasema ‘mwisho wa siku’ akiwa hazungumzii jioni wala usiku, yule anasema ‘fikiria nje ya boksi’. Na sikatai kwamba tafsiri za magazetini zimeiongezea ‘turufu’ kazi ambayo zamani haikuwa nayo; mjomba hakuwahi kumwita mbunge turufu. Lakini neno kuongezewa kazi si sawa na neno kuwa la kuazima jana.

Kuna jambo lililonikera zaidi ya asili, nalo ni hiyo ‘kadi bora’.

Siku moja, nadhani nilikuwa na miaka kumi, niligawiwa mzungu wa nne wa kopa. Nilimficha kama mtu aliyeokota noti. Zamu ilipofika, kopa ikiwa ndiyo iliyotangulia mezani, nikamtupa kwa kishindo. Mjomba hakuwa na kopa hata moja. Akaweka mbili ya pao, taratibu, akavuta karata zote kwake. Nilikaribia kulia.

“Mbili inamlaje mzungu wa nne, Mjomba?”

“Leo turufu ni pao,” akasema. “Mchezo ujao huenda ikawa kopa, nawe utanila.”

Hiyo ndiyo turufu. Mbili ya pao si kadi bora. Katika mchezo ule ni miongoni mwa zile duni kabisa, haina hata pointi moja. Ililala juu ya mfalme kwa sababu kabla ya kuanza tulikubaliana kwamba leo pao ndiyo yenye kauli. Nguvu yake imetoka nje yake, kama kibali cha Seneti kwa yule jemadari, na karata zikichanganywa upya inaweza kuondoka. Ukiandika ‘kadi bora’ umelitupa jambo hilo lote. Utakuwa umesema mwenye nguvu ameshinda. Hilo nani halijui?

Na ndiyo maana neno hili linafaa mno siasa zetu, likitumiwa sawasawa. Mgombea mwenye kura nyingi za kwao si turufu. Huyo ni mzungu wa nne, ana pointi zake na zinaonekana. Turufu ni kile chama kidogo chenye viti vitatu bungeni, ambacho siku pande mbili kubwa zinapotoshana nguvu, ndicho kinachoamua spika awe nani. Mwaka mwingine, hesabu zikibadilika, viti vitatu ni viti vitatu tu. Mwanafunzi wangu alikuwa amelitumia neno kwa maana hii hasa katika sehemu tano kati ya zile saba. Mbili zilizobaki nilimwambia azibadilishe, kwa sababu hapo alimaanisha mtu aliyewashinda wenzake kwa mbali tangu mwanzo, na kwa hilo tunayo maneno tele: kuzidi, kushinda, kupiku, kuacha mbali, na lile la vijana, kufunika. Wahariri wa michezo nao wangepunguza kidogo. Timu iliyofunga mabao matano kwa nunge haikutumia turufu yoyote; ilikuwa na wachezaji wazuri. Mchezaji wa akiba ambaye hakuna aliyemtaja wiki nzima, akaingizwa dakika ya 85 kwa sababu tu mabeki wa upande wa pili ni wafupi naye ni mrefu, akafunga kwa kichwa, huyo ndiye.

Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa jopo, yenye foronya, leso na pampu zake zote. Mwanafunzi alipita juzi kuichukua. Aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye mbili ya pao, akacheka, kisha akanyamaza.

“Prof, wakikataa?”

Nilimwambia ukweli, kwamba wakikataa atahitimu mwakani badala ya mwaka huu, na kwamba bado ana haki ya kuandika ‘kadi bora’ na hakuna atakayemlaumu, hata mimi. Akaikunja barua akaitia mkobani. Alipofika mlangoni aligeuka akaniomba pakiti ya karata. Ninayo moja kuukuu kwenye droo, imekosa saba ya uru, lakini kwa kuonyesha inatosha. Jopo linakaa Alhamisi.